Nilimpeleka Mama Mkwe Toharani Siku ya Posa

Nimekosa, ndugu wasomaji, wala sina wa kumsingizia. Jinga lililosoma ndilo linalowaandikia! Jina langu mhariri analijua, ninyi liacheni.

Mapadre walinifundisha ukatekista, na humo humo wakanionjesha hoja za wanafalsafa: hili likiwa kweli, na lile likiwa kweli, basi la tatu halikwepeki. Loo, nikalewa! Hapa Kibaha nikawa natafuta watu wa kubishana nao kama jogoo mgeni.

Ndipo nikampenda Marta wa Kisarawe, binti wa mwalimu Mlutheri. Mshenga wangu alikuwa Mzee Salum, jirani yetu Mwislamu, mtu wa maneno matamu. Kwetu mposaji hukaa nyumbani akangoja jibu. Mimi kwa kiherehere changu nikamfuata mshenga!

Mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu alitabasamu, akauliza jambo moja tu: "Je, kijana atamlazimisha binti yangu kuombea wafu? Sisi toharani hatuna."

Mzee Salum akakohoa ajibu kwa adabu. Nikamkatiza!

"Baba, tufikiri kidogo. Mbele ya Mungu haingii kitu chenye doa. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Na mtu mwema anaweza kufa na doa dogo. Mungu mwenye haki hamtupi milele kwa doa dogo, wala hamwingizi nalo. Basi lazima pawepo mahali pa kulitakasa."

Mwalimu akacheka: "Hapo umenikamata, kijana." Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikataka kutoa mfano!

"Mchukue marehemu mama yake Marta. Alikuwa mwema, lakini alikuwa mtu. Basi kwa hoja hiyo, hivi sasa yumo toharani, motoni, anatakaswa."

Mama huyo walikuwa wamemzika mvua zilizopita. Nyuma ya pazia nikamsikia Marta analia. Mwalimu akasimama, akatufungulia mlango.

Njiani Mzee Salum alinisuta: "Nimeposea wengi, mwanangu. Wa kuposa kwa kumchoma moto mama mkwe, ndio kwanza nakuona wewe!"

Baadaye nilirudi peke yangu kuomba radhi. Marta akasimama mlangoni.

"Umeleta hoja nyingine?"

Na kweli nilikuwa nayo, bichwa langu hili! Nilikuwa nimeipanga njia nzima: kwamba aliye toharani amekwisha kuokoka, hivyo kumlilia si lazima. Nikaanza kuieleza. Akaingia ndani, akafunga.

Ameolewa na fundi cherehani wa Mkuza, mtu asiyeweza kubishana hata na mbuzi. Nasikia wanacheka sana nyumbani kwao.

Toharani naiamini mpaka leo, na hoja yangu hajatokea wa kuivunja. Nakaa nayo, nakula nayo peke yangu. Hongera yangu!

Vijana wenzangu mnaojiona mna vichwa, mwachieni mshenga kazi yake. Na mkiingia nyumba iliyofiwa, anzeni na pole. Mimi siku ile sikuitoa, na sasa sina tena mlango wa kuipeleka.