Televisheni ya Baba na Kofi la Baba Kinya

Mtanivumilia kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane, mistari yangu hupanda na kushuka, na maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia. Naandika polepole pia, lakini hii nimetaka kuiandika mwenyewe.

Enzi zetu hapa Mitunguu, televisheni ilikuwa moja kwa maboma mengi, na hiyo moja ilikuwa kwetu. Marehemu baba aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Kaaga aliyekuwa akihama. Ilikuwa nzito, ya rangi nyeusi na nyeupe, na mgongo wake ulitokeza nyuma mpaka meza ikasogezwa mbali na ukuta. Juzi mpwa wangu aliizunguka, akaniuliza kwa nini imebeba mtoto. Wao wamezaliwa wakakuta televisheni nyembamba kama sahani.

Jioni tulioga kwenye mfereji wa maji ya shamba, tukaja kuketi chini kwenye magunia. Mama alisimama mlangoni akikagua nyayo. "Miguu ya matope ibaki nje na mwenyewe," alisema. Nyumba ilinuka ndizi za kuchoma na sabuni ya kipande. Tulipenda kusogeza mikono karibu na kioo, malaika ya mikono yakasimama, tukasikia kioo kikitoa sauti ndogo kama majani makavu. Tuliamini ni watu wa ndani wanatupumulia.

Juu ya televisheni kulikuwa na kitambaa cha mama. Alikifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, maua makubwa yaliyoshikana, cheupe kabisa. Nyumba zote nzuri zilikuwa na vitambaa, kwa viti, kwa redio, hata kwa mtungi wa maji. Cha televisheni ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Wakati wa kutazama, mama alikunja upande wa mbele tu, kama unavyofunua uso wa bibi harusi. Juu na nyuma kilibaki. Malori ya ndizi yalipita hapo nje, na mama alisema vumbi halitaingia kwa chombo cha mume wake.

Picha ilipoanza kukimbia, dawa ilikuwa kofi. Kila mtu alijua hivyo. Ulipiga ubavuni, picha ikasimama. Mpigaji mkuu alikuwa Baba Kinya, jirani yetu, aliyebeba mikungu ya ndizi sokoni. Kinya tulisoma naye darasa moja. Baba yake alikuwa mtu wa mizaha, na taarifa ya habari ikisomwa alimjibu msomaji kama wanaongea.

Siku moja picha ikaanza kujikunja pembeni. Ikawa ndogo, kisha ikakimbia. Watu wakasema, "Baba Kinya, mpe dawa." Akainuka, akapiga. Tukasikia ta, ta, ta ndani, mwanga wa buluu ukaonekana chini ya kitambaa, kwenye matundu ya hewa, ikazima. Harufu ilikuwa kama ile ya radi ikipiga karibu.

Mama alimgeukia mbele ya watu wote. "Hiyo mikono ya mikungu ya ndizi usilete tena kwa vyombo vya watu."

Baba Kinya alivaa akala zake, vile viatu vya mpira wa gari, akatoka. Baba alijaribu kusema ni chuma tu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo Baba Kinya hakuingia kwetu. Akienda sokoni alizunguka kwa njia ya juu, ndefu, asipite mlangoni petu. Hata baba alipofariki, alisimama na wanaume nje ya ua, akachimba kaburi na wenzake, akaenda bila kula. Kinya naye nikimwita tucheze alisema, "Sisi hatuji kwenu, mtasema tumevunja mlango." Mimi hata sasa maneno hunijia watu wakishaenda.

Miaka ikapita, nikajifunza ufundi wa redio na televisheni kwa fundi wa sokoni. Mwaka huu nikaitoa ile ya baba stoo. Niliambia mama nataka ifanye kazi tena. Kweli nilitaka, lakini zaidi nilitaka kujua kama kofi ndilo liliiua, kwa sababu Baba Kinya amezeeka, na ningependa aingie kwetu akiwa hai.

Televisheni za zamani si za kuchezea. Ndani kuna umeme mkubwa sana unaokwenda kwenye kioo, na unaweza kubaki humo hata ukichomoa waya. Fundi wangu alinifundisha kuuondoa kwanza, kisha kufanya kazi na mkono mmoja, mwingine mfukoni. Nilifanya hivyo. Nikapata ile transfoma inayozalisha umeme huo imepasuka, na gamba lake limegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Umeme ulikuwa unaruka hapo kwenda kwenye chuma. Haikupasuka siku moja. Ilikuwa imepikwa polepole, mwezi baada ya mwezi, kwa joto lisilokuwa na pa kutokea. Hata bila kofi ingekufa wiki hiyo au inayofuata.

Ndipo nikageuza kifuniko cha nyuma. Plastiki juu ya transfoma ilikuwa imelainika zamani ikaganda tena, na kwenye matundu ya hewa kulikuwa na maua. Maua ya kroshia, yameshikana, yamechapwa kwenye plastiki kama muhuri.

Sikujua nitamwambiaje mama. Nikakiweka kifuniko juani pale anapochambua maharagwe. Alikitazama, akapitisha kidole.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo niliipika mimi."

Akamaliza kuchambua maharagwe yote. Asubuhi alivaa leso safi, akaniambia tufuatane.

Baba Kinya alikuwa akinoa panga mbele ya nyumba. "Mama Mwenda," akasema, akimwita kwa jina langu, "umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kukwambia ile televisheni hukuivunja. Niliichoma mimi na kitambaa changu. Na nilikuaibisha mbele ya watu."

Akaendelea kunoa kidogo. "Ulisema mikono yangu ni ya ng'ombe."

"Nilisema ya mikungu. Ng'ombe umemleta wewe."

"Basi aliingia njiani. Miaka ni mingi." Akaweka panga chini. "Na sasa inashika?"

"Kijana anasema inashika."

"Nitaona," akasema, na hatukujua kama maana yake atakuja kuiona.

Nilikuwa nimeweka transfoma ya televisheni nyingine iliyokufa, na king'amuzi cha kuazima. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikirekebisha picha niliposikia mtu anakohoa nje. Mama alienda mlangoni mwenyewe. Baba Kinya alikuwa amevaa viatu vya kanisa, akauliza kama avivue. Mama akasema, "Ingia tu." Akaingia, akaketi kiti cha baba, kwa sababu ndicho mama alichomsogezea. Alikula ndizi na nyama, sahani mbili. Alikaa mpaka jioni, na habari zilipoanza msomaji akasema habari za jioni, na Baba Kinya akamjibu, "Nzuri, lakini mmekawia."

Siku hizi kila mtu anatazama simu yake kitandani. Picha ni safi, haikimbii, haihitaji jirani. Ni kweli hakuna anayemfukuza mwenzake kwa sababu ya televisheni. Lakini pia hakuna anayebisha hodi kuja kuitazama, na ukikosana na mtu hujui utamwitia nini.

Ninyi wa rika langu, najua kwenu pia kulikuwa na moja, na ilipokufa kuna mtu alilaumiwa. Niandikieni mniambie alikuwa nani, na kama alirudi. Nitajibu, ingawa polepole.