Mvua ya Nyumbani Isinyeshe Bado

Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa nyumbani kwetu. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja Makongeni, pazia katikati, kitanda cha wazazi upande wa pili, na sisi watoto watatu upande wa jiko. Baba alisimama wima mbele ya kabati, sikio kwenye redio, akingoja utabiri wa hali ya hewa wa wiki nzima. Mji wetu mdogo wa nyumbani, kule karibu na ziwa, haukutajwa hata siku moja. Kilichotajwa ni Kisumu. Baba aliisikiliza Kisumu, kisha akakata hukumu: "Sisi tutapata siku moja baadaye."

Nchi nzima ilikuwa ikiomba mvua. Sisi tuliomba isinyeshe.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu, mke mkubwa, aliishi naye Nairobi. Mama mdogo alibaki nyumbani na watoto wake na mashamba yote. Kwetu Wajaluo, mke mkubwa ndiye huanza kupanda, na mumewe sharti awepo bomani. Mke mdogo akitangulia, hata kwa shimo moja la mahindi, inaingia chira, ile laana inayoanza na watoto, wanakonda mpaka wanakufa. Kwa hiyo mama mdogo alilima, akang'oa visiki, akakaa kungoja. Nilichukia mambo hayo nikiwa mtoto na bado nayachukia.

Kila mwaka baba alipata likizo Februari, yeye na mama wakaenda, wakapanda, wakarudi. Mwaka ule kiwandani walimwambia likizo yake ni Mei, na kama hataki, aende asirudi.

"Basi niende peke yangu," mama akasema.

"Ukapande na nani?" baba akauliza, akaendelea kumega ugali.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kitui, alikuwa akitusikia kupitia ukutani. Akamtania mama pale mferejini: "Nyinyi watu mko na maneno! Kwetu ng'ombe zinakufa, na nyinyi mnafukuza mvua? Si muitume kwetu?" Mama alicheka mpaka ndoo ikafurika. Aliporudi ndani hakucheka. Alisimama dirishani, ambapo hayakuonekana mawingu wala nini, ila ukuta wa nyumba ya pili na nguo zilizoanikwa. Kanisani, mchungaji alipoombea mvua, watu wakaitikia amina na mama akafumba mdomo.

Jumapili moja ya Machi redio ikasema mvua kubwa maeneo ya ziwa, wiki nzima. Baba aliizima kabla haijamaliza.

"Watoto wa mwenzangu watakula nini?" mama akauliza.

"Watakula kama walivyokula mwaka jana."

Mwaka jana walikula walichopanda. Nilitamani mama amwambie hivyo, lakini alikuwa ameshajilaza akitazama ukutani.

Asubuhi baba alipokwenda kazini, mama alifunga mbegu za mahindi kwenye leso yake, akampa mwanamke wa mtaani aliyekuwa akisafiri kwenda mazishini karibu na kwetu. "Mwambie apande. Mwambie ni mimi nimesema. Hizi nimezichagua kwa mkono wangu, ni kama nimeanza mimi." Akaniapisha nisimwambie baba.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Redio ikitaja ngurumo na mvua kubwa Kisumu, baba aliguna, naye mama aliosha vyombo akiimba. Nami nilifurahi sana kuwa na siri naye.

Mei ikafika, tukaenda wote. Kutoka barabarani mama alitembea mbele yetu, karibu akimbie. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kiunoni. Shamba letu lilikuwa nyasi tupu.

Mama mdogo alitoka jikoni akampa mama mikono yote miwili, kisha akaingia ndani na kurudi na ile leso. Fundo lilikuwa vilevile.

"Ujumbe niliupata, dada," akasema. "Lakini mtoto angeugua hata homa ya kawaida, nani angenitetea? Nikaona nikungoje."

Mama alilia palepale uani bila kujificha. Asubuhi yeye na baba walipanda, ingawa msimu ulikuwa umeshapita na kila mtu alilijua hilo. Mama mdogo akafuata nyuma yao na jembe lake.

Likizo ilipokwisha tulifunga mizigo. Mama hakufunga yake.

"Mimi sirudi," akamwambia baba. "Sitaki mtu aningoje tena."

Baba alidhani ni hasira, zitapoa. Sisi tulikuwa na shule, kwa hiyo tukapanda basi naye.

Jumapili ile, Makongeni, baba aliwasha redio akasimama mahali pake. Hakutuambia tunyamaze, na hakuna aliyekohoa. Ikatajwa Kisumu: mvua, kesho mchana.

"Baba," mdogo wangu wa mwisho akauliza, "mama atanyeshewa?"

"Kesho kutwa," baba akasema, akazima redio.