Darasa la Mbwa Nyuma ya Machinjio

Harufu ya machinjio ya Garsen jua likishapanda haielezeki, lakini nitajaribu, maana nimeibeba puani miaka yote hii na sioni kwa nini niibebe peke yangu. Ilikuwa damu iliyokauka juu ya saruji, uchafu wa matumbo uliomwagwa papo hapo nyuma ya ukuta, ngozi zilizotiwa chumvi na kuanikwa, na juu ya yote hayo uvundo wa mbwa wengi waliofungwa pamoja bila kuogeshwa. Ukithubutu kufungua kinywa useme neno, nzi anaingia. Huko ndiko baba alikonipeleka mimi na mbwa wetu Mtachoka, mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu uliofuata mafuriko makubwa, kumtafutia mbwa shule. Ndiyo, shule. Kama unacheka, cheka tu, hata mama yangu alicheka mwanzoni.

Kwetu ni Idsowe, kijiji cha wakulima kando ya mto. Mto ulipopungua na kurudi kwenye mkondo wake uliacha tope jeusi, laini kama ugali wa moto, na kila kilichotiwa humo kiliota kwa fujo. Mahindi yalitushinda urefu. Nyani nao waliyaona. Walikuja asubuhi na walikuja alasiri, wakavunja hindi, wakaonja, wakatupa, wakavunja jingine, na ngiri wakamalizia yaliyoanguka. Kaka yangu Komora, aliyekuwa akipanda dunguni, juu ya jukwaa la miti, kuamia shamba, alikuwa ameshakwenda zake Mombasa kutafuta kazi. Nikabaki mimi, msichana wa darasa la sita, niliyependa shule kwa wivu kabisa, na baba akanipa masharti bila kunizungusha: mbwa akijua kazi ya kufukuza nyani, nitaendelea na masomo, asipojua, nitapanda dunguni mimi, na shule itanisubiri. Kwa hiyo msidhani nilikwenda kule machinjioni kutazama sinema. Nilikwenda kutazama maisha yangu.

Walimu wa mbwa walikuwa wawili tu kwa majirani zetu wote. Wa kwanza alikuwa Buya, mwindaji wa kijiji cha Wema, na tulianzia kwake. Aka! Mtu yule alilala na mbwa wake chumba kimoja, kupe wakitembea ukutani kama wenye nyumba. Ili mbwa mgeni amzoee, alitafuna kipande cha nyama mpaka kikalainika, akamshika mbwa taya, akamtemea kinywani, mate na nyama pamoja, kisha akajifuta mdomo kwa mkono uleule aliotusalimia nao. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Kazi yake mwenyewe aliieleza kwa maneno machache: angemchukua Mtachoka msimu mzima, amtembeze mashambani na wale wake, wakimbizane na nyani mpaka achukie hata kivuli cha nyani. Mama alimtaka Buya. Alisema mbwa wa Buya wanaonekana shambani, kila mtu anawajua, na kinyaa hakijamuua mtu. Baba hakutaka. Kwetu watu waliamini mbwa akimezeshwa mate ya mtu atamfuata huyo hadi kaburini, na baba hakuwa tayari kulisha mbwa wa mwanamume mwingine.

Wa pili ndiye huyo wa machinjioni. Tulimwita Afande ingawa hakuwahi kuwa polisi hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa maghala Mombasa, akarudi na sare ya kaki iliyopigwa pasi, buti, filimbi, na maneno mengi. Alikuwa ametundika tairi la lori kwenye nguzo mbili, akalaza pipa la mafuta, akaegemeza ubao mrefu juu ya mawe. Alipopiga filimbi, mbwa walipanda ubao, wakaruka pipa, wakapenya tairini mmoja baada ya mwingine, nao wakarushiwa utumbo ukiwa bado unafuka mvuke. Aliwaamrisha kwa Kiingereza cha kubahatisha, kwa sababu, alisema, mbwa hasikii Kiswahili. Wanaume waliokuwa wamesimama ukutani walipiga makofi. Baba macho yalimtoka. Sijawahi kumwona baba akimtazama mtu wala mnyama kwa mapenzi yale. Tairi lile ndilo lililomnunua. Hakuuliza tairi na nyani wanahusiana vipi, na Mtachoka akaachwa pale.

Kila Jumamosi tulikwenda kutazama maendeleo yake, na kila Jumamosi nilirudi nyumbani nimekinai, nisiweze kula. Afande aliwashindisha mbwa njaa. Aliwapaka pilipili puani. Alikamata nyigu, akawafunga ndani ya kipande cha maini wakiwa hai, akamlisha mbwa, na mbwa akawa anabweka huku akilia, akijikuna shingo kwa makucha, na wanaume wazima, wenye watoto, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Ati ukali unaingia hivyo. Kefule! Mtachoka alikuwa mbwa wa kulala jikoni, mwenye tabia ya kuweka kidevu juu ya mguu wa mtu yeyote aliyekaa. Jumamosi ya tatu alinionyesha meno. Nilimwambia baba, naye akasema hiyo ndiyo dalili kwamba anasoma.

Lakini nyigu si kitu. Kilichonitia kichefuchefu hasa kilikuja mwisho wa kila somo, wakati wa kile Afande alichokiita kazi ya mwizi. Shemeji yake, mlevi mmoja wa tembo la mnazi, alijifunga magunia mikononi na miguuni, halafu juu ya magunia akavaa shuka kiunoni, nyingine begani, akalaza fimbo mabegani kama wafanyavyo wafugaji wanaopitisha ng'ombe kwenda mnadani. Afande alizipata wapi shuka zile sijui. Alizipaka samli na maziwa yaliyolala, akazifukizia moshi, ili mbwa wazijue kwa pua kabla ya macho. Shemeji aliwachapa mbwa kwa fimbo, wakachachamaa, filimbi ikalia, wakaachiliwa. Nami nilisimama pale nikiwa na harufu hiyo puani, nikiijua vizuri kabisa. Ilikuwa harufu ya kila asubuhi nyumbani kwetu. Ilikuwa harufu ya Mama Dhahabo, mwanamke wa Kiorma, jamii ya wafugaji haohao, aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi tangu sijaota meno. Nilimuuliza baba kwa sauti, mbele ya watu, kwa nini mwizi amevaa kama watu wa kina Mama Dhahabo. Mtu mmoja akacheka. Baba akaniambia ninyamaze, mambo ya wakubwa siyajui. Afande hakuona haya hata chembe, alinitazama akasema, “Mtoto ana macho huyu.”

Mtachoka alirudi nyumbani amehitimu. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa kwenye kinu, mimi navaa sare, na Mama Dhahabo akabisha hodi nje ya ua kama kawaida yake. Desturi yao ilikuwa ya zamani. Yeye husema, “Mama Komora, shika mbwa yako, mimi iko na udhu,” mama humshika mbwa, maziwa hupimwa, na Mama Dhahabo huacha matone mawili matatu chini kwa ajili ya Mtachoka, kwa mbali, bila kumgusa. Siku hiyo hakuwahi kumaliza maneno. Ua wetu wa miiba, ambao mbwa yule hakuwahi hata kuufikiria, aliupita juu kwa mruko mmoja, vizuri, miguu imekunjwa, kama kwenye tairi. Alimshika mkono juu ya kiwiko akaning'inia. Mama alimpiga kwa mchi wa kinu, akampiga tena, hakuachia. Kuachia hakufundishwa, au kulifundishwa kwa Kiingereza tusichokijua. Alipoachia, maziwa na damu vilikuwa vimechanganyika mchangani, nami nikaona mbwa wetu akivilamba vyote pamoja. Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, mama akisukuma, mimi nikimshika mgonjwa asianguke. Mama Dhahabo hakulia wala hakutukana. Alikaa kwenye benchi akiutazama mkono wake, akasema tu, “Mbwa hii najua mimi. Najua mimi tangu dogo.” Mama aliinama akalia kwa aibu mbele ya kila mtu.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa, baba akatoa mbuzi, mambo yakapozwa. Maziwa hayakuja tena. Lakini subiri, bado sijafika kwenye uchafu wenyewe. Jioni ya siku ileile ya kuumwa, wanaume walianza kuja kwetu. Nilidhani wanakuja kutoa pole. Walikuja kutoa hongera! Walimzunguka Mtachoka, wakamsifu kifua, wakampa baba mkono mmoja mmoja, na mmoja wao, mtu wa kanisani kwetu, akasema sasa kijiji kina mlinzi. Baba mwanzoni aliinamisha kichwa. Kisha nikamwona anaanza kutabasamu. Ptu! Wiki iliyofuata nyuma ya machinjio hapakuwa na nafasi ya kumfunga mbwa, kila mtu amemleta wake, na Afande akaongeza tairi la pili.

Nyani, kwa taarifa yenu, hawakuguswa. Mtachoka tulimfunga chini ya dungu kwa mnyororo, na mimi nikapanda juu na kombeo langu, maana masharti ya baba yalibaki palepale. Nyani dume alipita karibu naye akitafuna hindi letu, na mbwa aliyehitimu akamtazama, akapiga mwayo, akalala. Hakufundishwa nyani. Nilikaa juu kule muhula ule na uliofuata, nikisikia kengele ya shule ikiletwa na upepo, na nilipoachiliwa nilirudia darasa la sita pamoja na watoto niliowahi kuwafuta makamasi. Mtachoka alikonda kwenye mnyororo akafa. Baba hakuwahi kusema kwamba alikosea kuchagua, na mimi sikuwahi kumsamehe.

Siku hizi naishi Malindi. Mwanangu ana mbwa mdogo, na mwezi uliopita alinibembeleza mpaka nikakubali twende kuangalia darasa la mbwa. Palikuwa na nyasi zilizokatwa, maji safi kwenye bakuli, viunzi vya plastiki vya rangi rangi, mbwa wanapewa biskuti wanaruka wakitikisa mkia. Mwalimu ni binti mdogo mwenye sauti ya upole, na sikuona la kumlaumu. Akaniambia ana masomo matatu, kutii, kuruka na kulinda, tuchague. Mwanangu akarukia palepale, kulinda. Binti akachukua kalamu akaniuliza, kama awaulizavyo wateja wote, “Sawa mama. Tumfundishe kuwazuia akina nani?”

Afande hakutuuliza swali hilo hata mara moja. Hakuwa na haja. Jibu tulikwenda nalo sisi wenyewe kutoka nyumbani, kila mmoja na mbwa wake. Mwanangu alinivuta kanga nijibu, na ndani yangu, Mungu anisamehe, watu walikuwa wameshaanza kujipanga: kijana anayekojoa kwenye ukuta wetu, wale wapangaji wapya wasiotusalimia. Majibu ninayo. Nikamwambia binti amwandikie mbwa somo la kuruka tu.