Jina Nililoliita Ngomeni

Jina la mdogo wangu silitaji hapa, na hata nyumbani nimeacha kulitaja.

Mwenye jina wa kwanza alikuwa baba yake babu. Wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana, alikamatwa shambani kwake upande wa Ndalambo, akafungwa kamba pamoja na wenzake, akabebeshwa masanduku ya risasi. Walimpeleka mbali, kwenye ngome ya mawe, na huko akafia. Baba yetu mdogo akalirithi jina hilo. Akavuka mpaka kwenda migodini Zambia, na hakurudi. Wa tatu ni huyu mdogo wangu.

Nimemlea mwenyewe. Baba alitangulia, kisha mama, na siku tuliyomzika mama, mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa darasa la sita, na sikurudi tena darasani. Niliuza maharage sokoni Tunduma mpaka akamaliza shule. Akawa utingo wa malori miaka minne, na mwaka huu tajiri wake akamwambia ashike usukani mwenyewe, mpaka Kongo.

Shangazi yetu alipopata habari alinifuata sokoni. Hakukaa.

"Jina hilo likienda safari halirudi," alisema. "Kabla hajaondoka, kamlete mwenye jina wa kwanza nyumbani."

Kwetu, mtu akifia mbali na kaburi lake lisijulikane, hufuatwa udongo. Shangazi alinieleza hatua kwa hatua. Nifike alipofia, niite jina lake mara tatu. Nikishaita ya tatu nichote udongo, niufunge kwenye kanga, nifunge na mdomo mpaka uzikwe. Na anayelibeba jina asiwepo karibu.

"Kwa nini asiwepo?"

"Ukiita, anayetakiwa kuja ni marehemu. Asiitike mwingine."

Ngome ile siku hizi ni makumbusho. Tulisafiri kwa basi kutwa nzima, tukalala nyumba ya wageni, kwa sababu mdogo wangu alikataa katakata niende peke yangu. Asubuhi nilimwambia anisubiri stendi. Sikumwambia sababu. Nilijua angecheka, na nilijua akicheka nitashindwa kuingia. Hilo ndilo kosa langu.

Kuta za ngome ni nene kiasi kwamba ukivuka mlango kelele za barabarani zinakatika. Nje jua lilikuwa kali, ndani nikasikia baridi miguuni. Mwongoza wageni alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma, mtu wa mizaha.

"Karibu hotelini, dada yangu. Wageni wetu walikuwa hawalalamikii chakula. Hawakupewa."

Alinionyesha minyororo ya shingo iliyotundikwa ukutani, pete nane katika mnyororo mmoja. Mmoja akianguka, alisema, wote walivutwa. Kisha akanipeleka chumba cha nyuma walikofungiwa wapagazi. Hakina dirisha, kina tundu moja juu, dogo kama la panya. Ukutani kuna mikwaruzo mingi, ya chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala.

"Waliandika nini?" niliuliza.

"Hawakuandika. Walikuwa wanatafuta mlango."

Nilimwomba aniache kidogo. Aliniangalia mkononi, akaona kanga, akatoka. Nadhani sikuwa wa kwanza.

Sakafu ilikuwa ya saruji, isipokuwa kona moja iliyomeguka, udongo ukaonekana. Nikapiga magoti. Niliita mara ya kwanza, chumba kikameza sauti. Niliita mara ya pili. Nje radi ilipiga, nikasikia matone mazito juu ya bati. Nikaita mara ya tatu.

"Naam!"

Sauti ilikuwa mgongoni kwangu. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mabega yamelowa, anatabasamu.

"Wingu limenifukuza stendi, mvua imenikuta hapo getini. Mlinzi kasema ingia tu. Umenionaje na umegeuka huko?"

Nilikuwa nimeshaita ya tatu. Sikuruhusiwa kusema. Nilichota udongo, nikafunga kanga, nikapita mbele yake.

Njia nzima alinichokoza. "Dada, umenuna? Au umeokota hirizi ya Mjerumani?" Kila aliponitazama nilitazama dirishani. Tulipopita Vwawa alikuwa amesinzia begani kwangu, kama zamani, na udongo uko mapajani mwangu, baridi vilevile kana kwamba haukuwahi kutoka kule.

Tuliuzika asubuhi yake, kando ya kaburi la babu. Shangazi alishindilia kwa mguu, kisha akanigeukia.

"Ulipoita, kulikuwaje?"

Mdogo wangu alikuwa pale, anafuta jembe. Miaka minne alikuwa amelala chini ya matela akingojea usukani ule. Ningesema kweli, shangazi asingemruhusu kuondoka, na yeye asingenisamehe.

"Kimya," nilijibu.

Tangu siku hiyo namwita mdogo wangu, au namwita wewe.

Jumanne iliyopita alianza safari. Asubuhi nikakuta amesahau sweta lake, nikakimbia nalo mpakani. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, nikaliona lake mbele kabisa, karibu na geti, mkono wake umening'inia dirishani. Jina lilinijaa mdomoni. Lingetosha neno moja tu, angegeuka.

"Dereva!" nilipiga kelele. "Dereva!"

Vichwa vikatoka madirishani kila upande. "Yupi, mama? Chagua!" mmoja akacheka. "Hata mimi nafaa!"

Chake hakikutoka. Lori likanguruma, likavuka, likaingia Nakonde, upande wa Zambia.

Jioni alipiga simu. Sauti ilikuwa mbali, inakatika. Alisema huko kuna baridi. Sweta nimelitundika kwenye msumari karibu na mlango, na silifui mpaka arudi.