Tanuri Lililowashwa Mapema

Fundi alikuwa na namna moja tu ya kujua kama tofali limekauka. Alichukua moja kutoka katikati ya rundo, si la juu wala la pembeni, akalivunja kwenye goti, kisha akaweka shavu pale lilipovunjika. Likiwa la baridi, alisema bado. Likiwa halina baridi wala joto, alisema tayari. Siku moja nilimwomba nijaribu na mimi. Sikuhisi tofauti yoyote. Alicheka, akasema shavu langu bado ni la mjini.

Alikuwa mzee wa Suguti, Mjita kama mimi, na alikuwa amehamia na mkewe kwenye kijiji kile cha upande wa Butiama kwa ajili ya kazi hiyo. Padri wa pale alimwahidi kwamba matofali ya darasa yakitoka vizuri, atampa pia ya zahanati na ya nyumba za walimu. Ilikuwa kazi ya miaka. "Huku hawanijui," aliniambia. "Hili tanuri ndilo litakalowaambia mimi ni nani."

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kufukuzwa wala kwa kukosa akili. Nilitaka kuona barabara ya Bunda inakwenda mpaka wapi, nikapanda lori la pamba, na niliporudi kila mtu alikuwa amekwisha kunizoea nikiwa sipo. Baada ya hapo niliuza vipande vya sabuni kwa kificho wakati sabuni haionekani madukani, nikapika uji kambi za wavuvi, nikalea watoto wa daktari wa Kizungu kwenye hospitali ya misheni kwa miaka miwili. Kiingereza changu nilikiokota hapo. Kilikuwa Kiingereza cha watoto: usiguse, njoo ule, kwa nini, kwa nini, kwa nini.

Katikati ya hayo yote nilikamatwa Musoma mjini, miaka ile ya msako wa watu wasio na kazi. Mgambo alinikuta stendi nimekaa juu ya furushi langu, akataka kitambulisho cha kazi. Sikuwa nacho. Tulipakiwa kwenye lori tukarudishwa kila mtu kijijini kwao akalime. Niliposhuka Kiriba, mama alisimama mlangoni akasema mbele ya majirani, "Haya, mzururaji wa serikali huyo amerudi!" Watu walicheka sana. Sikumaliza hata msimu mmoja nikaondoka tena.

Kwa hiyo unaweza kuelewa jinsi nilivyoshangaa, miaka michache baadaye, maduka yakiwa yameanza kujaa na mitumba ikiuzwa Bunda hadharani, nilipokutana na mzururaji aliyetumwa kwa baraka za wazazi wake.

Walikuwa vijana wanne kutoka Uingereza, wamekuja kujitolea miezi mitatu kutusaidia kujenga darasa. Padri alisikia habari zangu, akaniita niwatafsirie. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na minane ambaye ndiye aliyeshika daftari la kazi, na muda mwingi nilikuwa naye. Alikuwa na magoti mekundu kwa jua na alikanyaga udongo kwa bidii kuliko wenzake wote. Tukiwa ndani ya shimo la udongo, matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, nilimuuliza anasoma wapi.

"Nimemaliza shule," alisema. "Mwaka ujao naingia chuo."

"Kwa nini si mwaka huu?"

"Nimeomba waniwekee nafasi. Nataka kuona ulimwengu kwanza."

"Na wamekubali?"

"Wengi wanafanya hivyo."

"Wazazi je?"

"Wanaona fahari," alisema, akanitazama kama mtu asiyeelewa kwa nini nauliza.

Nilimtafsiria fundi, aliyekuwa anafyatua pembeni yetu. Hakunyanyua kichwa. "Kumbe naye mzururaji," alisema, "ila wa kwao anatembea na barua." Wanawake waliokuwa zamu siku hiyo walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Msichana naye alicheka bila kujua, akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema wewe ni jasiri," nilijibu.

Alifurahi. Alimpungia fundi mkono wenye matope, na fundi akampungia. Sikuona ubaya wowote. Kwetu mgeni halishwi maneno makavu, na padri mwenyewe alikuwa amenionya siku ya kwanza: "Binti, hawa wametoka mbali. Wasikwazike." Na kuna jambo lingine, afadhali niliseme. Msichana yule aliniahidi kwamba akirudi kwao atatafuta familia inayotaka yaya. Alisema mwenyewe, sikumwomba. Tangu siku hiyo nilianza kutazama uso wake kabla sijafungua mdomo.

Kaya zote zilifyatua kwa zamu. Kufikia mwezi wa tatu wa wageni kukaa pale, matofali yalikuwa mengi, fundi akayapanga kuwa tanuri, kubwa kama nyumba, na matundu matatu chini ya kutilia kuni. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, na wageni walibakiwa na siku tisa. Walitaka sana kuona moto. Walikuwa wameandika kwao kwamba watauona.

Asubuhi moja msichana alikuja na daftari, na wenzake nyuma yake. "Muulize kama tunaweza kuwasha Alhamisi."

Niliuliza. Fundi alichomoa tofali moja kutoka ndani ya tundu, akalivunja, akaweka shavu. Kisha akaliweka mkononi mwangu. Katikati palikuwa na doa jeusi, kama kiini cha yai.

"Huku ndani ni mabichi," alisema. "Waambie wiki mbili. Mvua ikija nitafunika kwa nyasi, mvua si tatizo. Moto ndio tatizo. Yakipata moto hivi yatapasuka."

"Wiki mbili watakuwa wameondoka, mzee."

"Waondoke salama. Watatumiwa picha."

Msichana alikuwa ananitazama. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nakumbuka nilijua kabisa maneno ya Kiingereza ya kusema. Yalikuwa rahisi, hata mtoto wa daktari angeyasema. Badala yake nilisema, "Kuna unyevu kidogo, lakini moto utaumaliza."

Alisita. Hakuwa mjinga. "Ana uhakika? Muulize tena. Kama ni lazima tusubiri, tutasubiri, hata kama hatutaona."

Hayo alisema kweli, na upande wetu mimi peke yangu niliyaelewa. Nilimgeukia fundi nikamuuliza, "Wanataka kujua kama kuni zinatosha."

"Ndiyo, zinatosha," alisema fundi, akaitikia kwa kichwa.

Msichana aliona kichwa kinaitikia. Akaandika Alhamisi.

Ilibaki kumwambia fundi. Nilimfuata jioni akinawa miguu nikamwambia padri ameagiza moto uwashwe Alhamisi, wageni wauone. Padri alikuwa Musoma wiki nzima hiyo na hakuwa ameagiza kitu. Fundi alimaliza kunawa mguu wa pili.

"Uliwaambia wiki mbili?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema wanaondoka."

"Basi," alisema. "Kazi ni yao."

Mafundi wa kwetu wana desturi moja. Aliyelipanga tanuri ndiye anayewasha tundu la kwanza, na hakuna anayegusa moto kabla yake. Alhamisi asubuhi kijiji kizima kilikuja. Fundi alitoa kibiriti mfukoni, akakitazama, akatembea mpaka aliposimama msichana, akamwekea kwenye kiganja. Kisha akarudi nyuma akasimama na watu, mikono mgongoni.

Wageni walidhani wamepewa heshima. Msichana machozi yalimtoka, akamshukuru fundi kwa kuinama kidogo kama alivyoona wanawake wanafanya. Wenzake walipiga picha. Kila mwanakijiji alielewa alichokiona: fundi amekataa tanuri lake. Walinitazama mimi. Mimi niliutazama moto.

Kabla ya saa nane mchana likaanza. Kwanza mlio mmoja ndani, kama mtu amevunja kuni kwenye goti. Kisha mwingine. Kisha mingi kwa pamoja, pa, pa, papapa, na vipande vikarushwa kupitia matundu. Watoto walishangilia. "Bisi! Bisi!" walipiga kelele, "mzee anakaanga bisi!" Mama zao waliwanyamazisha, lakini na wao walikuwa wameziba midomo kwa khanga. Upande mmoja wa tanuri ulibonyea taratibu, ukakaa chini.

Lilipopoa na kufunguliwa, zaidi ya nusu lilikuwa vigae na vumbi jekundu. Msichana aliokota kipande akakishika kwa mikono miwili. "Kwa nini hakutuambia?" alisema. Alikuwa anasema na mimi, lakini macho yalikuwa kwa fundi.

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

"Anasema pole."

"Mwambie pole ni yao, wametoka mbali."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Ni la pekee nililolifikisha zima wiki ile, na ndilo lililomuumiza zaidi. Alidhani mzee hajali. Aligeuka akaenda zake.

Waliondoka siku ile waliyopangiwa. Padri alikuwa amerudi kabla hawajaondoka, akasikia kwa wageni kwamba fundi alisema moto utamaliza unyevu, akasikia kwa wanakijiji kwamba fundi alikataa kuwasha. Hakumwita kumuuliza; aliona ni mtu asiyeeleweka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pake na sikuingia. Saruji ilikuwa imeanza kupatikana Bunda, akaleta fundi mwingine wa tofali za saruji, darasa likajengwa, zahanati ikafuata. Mzee wa Suguti hakuitwa tena. Watoto walimfuata njiani, "Bisi! Shikamoo Bisi!" na yeye aliitika marahaba, kwa sababu salamu ni salamu. Mwishowe alimrudisha mkewe kwao, akaenda Buhemba kuchimba dhahabu.

Barua ya msichana ilikuja kupitia kwa padri. Familia ilikuwa bado haijapatikana, alisema, lakini anaendelea kuuliza. Chini kabisa aliandika kwamba bado anafikiria juu ya yule mzee, akauliza kama mimi najua kwa nini aliwanyamazia. Sikuijibu.

Mzee nilimkuta Buhemba zaidi ya mwaka baadaye. Nilikuwa natembeza mitumba kwa wachimbaji. Alikuwa amechuchumaa kwenye maji ya kahawia, anazungusha karai la mchanga. Alikuwa amekonda.

"Binti wa Kizungu!" aliniita. "Bado unazurura?"

Nilichuchumaa. Nilisema kwa Kijita, haraka, kabla sijapata la kulainisha. "Mzee, wale hawakujua. Sikuwaambia wiki mbili. Na padri hakuagiza, nilitunga mimi."

Karai liliendelea kuzunguka. "Na lile swali la kuni?"

"Walikuwa wanauliza kama una uhakika."

"Na mimi nikasema ndiyo."

"Ulisema ndiyo."

"Wangesubiri?"

"Walisema watasubiri."

Aliliweka karai chini. "Mwaka mzima nimewachukia watoto wa watu," alisema. Akanawa uso kwa maji yale machafu. "Umemwambia nani mwingine?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Sasa umekuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwaga najua sikukosea. Mimi sina shida na hilo. Nenda kwa wasiojua."

Nilikwenda. Nakiri kwamba nilipofika njia panda kulikuwa na gari la Bunda na nilikaribia kulipanda. Kijijini niliwakuta wanawake bombani, karibu na darasa jipya, baadhi ni wale wale wa zamu za matofali. Niliwaeleza nikiwa nimesimama. Hakuna aliyeshangaa sana.

"Tulimwona amekupa tofali bichi," alisema mmoja, mama mnene aliyepata kuangusha ndoo kwa kicheko. "Tulimwona amekataa kuwasha. Tulijua wewe umewaambia wakakataa."

"Mbona nanyi hamkuwaambia, mama?"

"Kwa Kiingereza gani? Si wewe ndiye uliyekuwa nacho peke yako?"

Walinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, nikarudia. Alinisikiliza akikuna kidevu. Alisema nyumba ya mwalimu wa pili haijaanza, na saruji imepanda, na kama mzee bado anataka, aje afyatue. Alisema atamweleza padri mwenyewe. Sikutegemea hata hicho.

Nilirudi Buhemba siku ya tatu. Pale majini palikuwa na watu wengine. Nilimuuliza mama muuza chai habari za mzee wa Suguti, mfyatuaji matofali, akawa hamjui. Nilimweleza alivyo: mrefu, amekonda, Mjita.

"Aa, unamtaka Bisi! Ameondoka juzi na kundi moja. Wamesikia dhahabu imetoka huko mbele, sijui wapi."

"Nani alileta jina hilo huku?"

"Alete nani? Mwenyewe alipofika tulimuuliza anaitwa nani, akasema hivyo."

Nilimwachia ujumbe wa mwenyekiti. Kisha nikamtajia jina alilopewa na wazazi wake, nikamwomba alishike, ili akipita amwite kwa hilo. Alilirudia mara mbili kwa sauti, mara ya pili akalikosea. Nilimsahihisha. Wachimbaji wawili walikuja wakataka chai, akainuka kuwamiminia, na mimi nikabaki nimesimama pale nikilitaja taratibu, mpaka aliponitazama kwa uchovu akasema amesikia.