Mlango wa Gari la Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chuma cha kukwangulia na kuonyeshwa gari jeusi la bwana wa shamba. Ilikuwa Ngungu, kwenye garaji ya shamba la pareto, miaka michache baada ya vita vikubwa vya Wazungu. Shefu wa garaji, Mbelgiji mpole, aliniambia, "Rangi mupya haifiche kitu. Toa ya zamani yote, bati ibakie uchi."

Aliyenifundisha ni Zakaria, mtu wa vilima vya hukohuko, aliyeniita kaka tangu siku ile. Kwanza tulifungua taa na vishikio vya milango. Kisha tulipaka soda kali, dawa iliyokunja rangi kama ganda la ndizi, tukaikwangua. Ilikula rangi na ngozi yetu pia. Tuliosha bati, tukalikausha upesi, tukalipiga msasa, tukalifuta kwa esanse, yaani petroli. Siku hiyohiyo tulilipaka antirui, rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mastiki ya kusawazisha mabonde ilikuja baadaye. Zakaria hakunipigia kelele ila kwa jambo moja: kugusa bati tupu kwa mkono. Jasho huzaa kutu.

Mwaka wangu wa tatu, bwana alitaka gari lingine litengenezwe kwa harusi ya binti yake. Mvua ilitukimbiza. Jioni moja mlango wenye bati tupu uliteleza, nikaudaka kwa kiganja. Ilinipasa kurudia msasa na esanse. Lakini mke wangu alikuwa amejifungua juzi yake. Nikapaka antirui juu ya alama ile, nikaenda nyumbani.

Miezi mitatu baada ya harusi gari lilirudi. Rangi ya mlango ilikuwa imevimba kwa umbo la kiganja na vidole vyake.

"Hii ni mukono ya nani?" Shefu aliuliza.

Nilitia mkono wangu mfukoni. Zakaria alinitazama, kisha akamjibu:

"Iko yangu, Shefu."

Alifukuzwa siku ileile. Mimi nikapewa nafasi yake, nikaipokea.

Miaka mitano ilipita. Dereva mmoja wa Hombo akaniambia kwamba Zakaria anabeba magunia ya madini Walikale. Garaji ya machimbo ya kule ilikuwa inatafuta fundi wa rangi, na wengi waliogopa homa ya msituni. Niliomba kazi hiyo, nikapewa.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, amekonda.

"Kaka, ule mukono ulikuwa wangu."

"Najua. Ni mimi nilikufundisha, mukono yako naijua."

"Sasa juu ya nini ulisema ni yako?"

"Mutoto wako alikuwa hajajua hata kukaa. Nilifikiri kesho yake utaenda kwa Shefu, umwambie ukweli. Nikangoja kwangu. Na kesho ingine, nikangoja."

Nilikwenda kwa shefu wa garaji ya machimbo, nikamweleza yote bila kujitetea.

"Huyo muntu anajua kazi?" aliniuliza.

"Kunipita mimi."

Zakaria aliajiriwa, na kabla ya mwaka kwisha akawekwa juu yangu. Nilifanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu. Alinisahihisha kwa haki, akanigawia chakula chake nilipougua. Lakini neno kaka halikutoka tena kinywani mwake. Aliniita kwa jina langu tu, kama alivyowaita wengine, nami niliitika, "Ndiyo, Shefu."

Sasa nalima maharage yangu Ngungu. Vijana huniuliza kama nilipenda kazi ile. Niliipenda sana, na rafiki yangu aliipenda kuliko mimi. Miaka mitano nilimnyima.