Udongo wa Ukuta wa Bibi Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya shida, sabuni zilipoadimika hata tukawa tunafulia majani ya mpapai. Nilikuwa kijana, nimekaa uani kwetu Mnyambe, nachora nyumba yetu kwa rangi za maji nilizoachiwa na mwalimu wangu. Picha yenyewe ni hii unayotaka mimi mjomba wako niishushe ukutani, mwanangu, kabla wazee wa mchumba wako hawajafika kesho kutoka Tandahimba. Nimekusikia. Sasa nisikilize na wewe.

Siku hiyo nilichora paa la bati, wakati paa letu lilikuwa la nyasi, tena zimeanza kuoza. Kuta nikazipaka nyeupe, na madirisha ya vioo nikayaweka. Mama yangu, ndiye bibi yako mzaa mama, akatokea na ndoo kichwani. Zamani hapa juu maji yalikuwa kazi: unateremka bondeni alfajiri, unarudi mlimani jua limeshawaka. Akatua ndoo, akaniona nachovya brashi kwenye kikombe cha maji yake.

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Yako, mama."

"Yangu ina nyasi. Maji haya nimeyapandisha mlima, hayatachora uongo. Kama unanionea aibu, kachote yako."

Haya zilinishika. Nikaigeuza karatasi, nikaanza upya upande wa pili: nyasi, ukuta uliopinda, alama za vidole vyake alipokandika. Nilipofika kwenye ukuta, sikuwa na rangi nyekundu kama ile ya udongo wetu. Mama alikwangua ukuta kwa kucha, akaukoroga ule udongo kwa maji, akanipa. Nikapaka.

Nyumba ile ilianguka masika moja, yeye akiwa ameshatangulia. Ukuta wa nyumba alimozaliwa mama yako haupo tena Mnyambe. Uliobaki ni huu, ulioko kwenye karatasi.

Kwa hiyo picha haishuki. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, ndiyo maana posa inaletwa kwangu mimi mjomba wako, na wageni nitawaketisha wakiitazama. Wakiuliza, jibu wewe mwenyewe, wala usiinamishe kichwa: ni kwa bibi yangu. Nyumba njema si mlango. Atakayerudi kwao kwa sababu ya nyasi, bora arudi mapema, ila ale korosho zetu kwanza.

Mwanangu, usimpambie mtu asili yako ili akupende. Ukiitoa hiyo fremu utaiona ile nyumba ya bati nyuma yake, nzuri kweli, lakini hakuna mtu aliyezaliwa mle.

Mungu akujalie nyumba yenye maji karibu, na watoto watakaoitaja ya bibi yako bila kigugumizi.